Alpaka, mbuzi au kondoo: uanze na mfugo upi ukiwa na eka moja kando ya ziwa

Mwezi Juni mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, pamoja na mkewe, Jumapili baada ya ibada. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, karibuni ndani." Hata chai haijamiminwa akatoa simu. Kwenye kioo alikuwapo mnyama mwenye shingo ndefu, macho makubwa na manyoya yaliyofumka kama pamba iliyopasuka shambani, anakula majani kiganjani mwa mtoto. Alpaka. "Shangazi, nataka kuanza na hawa. Wewe umefuga mbuzi miaka kumi na moja, niambie ukweli."

Nilimwomba wiki mbili, kwa sababu swali lake lilistahili jibu lililofikiriwa. Ana eka moja Sangabuye, karibu na maji. Ana mke anayeshinda nyumbani, watoto watatu na akiba ya miaka sita. Tena baba mkwe wake ana ardhi Kwimba yenye ngitili nzuri, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Mtu wa namna hiyo akikosea mfugo wa kwanza, kuinuka kwake ni kazi. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa yeyote mwingine anayejiuliza swali hilo hilo.

Alpaka, tumpe haki yake

Ni mnyama mzuri kweli, na si kwa sura tu. Anakula kidogo: chakula kikavu chenye uzito wa takriban asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, wakati mbuzi wa maziwa anataka asilimia 3 hadi 5. Maana yake alpaka wa kilo 65 anaweza kutosheka na chakula kile kile kinachomtosha mbuzi wa kilo 40. Unyayo wake ni laini, hauchimbi ardhi. Kundi zima huchagua sehemu moja au mbili za kunyea, na hiyo huwaepusha na minyoo mingi maana hawali pale walipochafua. Anaishi miaka 15 hadi 20. Mwanamke na watoto wanamudu kumshika.

Lakini jiulize ametoka wapi. Kwao ni nyanda za juu za Andes, Peru na Bolivia, mita 3,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku maji huganda. Watu wa kule walimfuga kutokana na vikunya, mnyama wa porini, maelfu ya miaka iliyopita, na manyoya yake ni blanketi la baridi ile. Sisi tuko mita 1,140 hivi, kando ya maji yanayotoa unyevu mchana na usiku.

Wafugaji wa alpaka na lama, nduguye mkubwa, huko Marekani wana kanuni yao ya joto: wanachukua joto kwa kipimo cha Farenhaiti, wanajumlisha na asilimia ya unyevu hewani. Jumla ikiwa chini ya 120, mnyama yuko salama. Kati ya 120 na 180, mwangalie. Ikizidi 180, ni hatari. Nilijaribu kwa Mwanza. Mchana wa nyuzi 29 ni kama Farenhaiti 84; ongeza unyevu wa asilimia 55, unapata 139. Alfajiri nyuzi 20 ni 68. Ongeza unyevu wa asilimia 85, unapata 153. Kwa hiyo hapa alpaka hatakufa siku ya kwanza. Shida ni kwamba hatapumzika. Wenzetu wa nchi zenye majira ya baridi humnyoa kabla ya kiangazi, humwagilia maji tumboni na miguuni miezi mitatu ya joto, halafu baridi inarudi na mnyama anapumua. Hapa hakuna baridi ya kurudi. Na dume wa alpaka akikaa kwenye joto muda mrefu, nguvu ya mbegu zake hushuka, kitu ambacho kwa mtu anayetaka kuzalisha ni pigo kwenye moyo wa kazi yenyewe.

Halafu kuna soko. Kila mwaka unamnyoa mara moja na unapata kilo 2 hadi 3 za manyoya. Utampelekea nani? Viwanda vya kanda yetu vimezoea pamba. Labda mkeo ajifunze kusokota na kufuma, na hapo sisemi haiwezekani, lakini nani anavaa sweta Kirumba mwezi wa kumi?

Nilichotaka akielewe kuliko vyote

Nilipomuuliza angepata wapi fedha, alijibu haraka: "Nitauza watoto wa mbegu, wa kuzalishia, shangazi. Ni adimu, watanunua tu." Hapo ndipo nilipokaa naye muda mrefu.

Alpaka walianza kuingizwa Marekani kibiashara mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka ishirini jike wa mbegu aliuzwa kwa maelfu ya dola, na dume bora kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1998 daftari lao la uzao likafungwa, wanyama kutoka nje wasiandikishwe tena, na uhaba huo ukashikilia bei juu. Ukitazama fedha ilikotoka, haikutoka kwenye manyoya. Ilitoka kwa mfugaji mpya aliyemnunulia mfugaji wa jana, naye akitegemea mfugaji wa kesho. Uchumi ulipotikisika mwaka 2008, mfugaji wa kesho hakutokea. Wanyama walioshikwa kama dhahabu wakawa wanauzwa kwa bei ya kutupa, na wengine wakagawiwa bure.

Sisi nasi tuliyaona hayo kwa kware. Wengi mnakumbuka yai lake lilivyoshika bei, kila ua lina kibanda, kila mtu anauza vifaranga kwa anayetaka kuanza. Kisha kila aliyetaka kuanza akawa ameshaanza.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa mfugo wowote ni hiki: siku hakuna anayetaka mbegu, mnyama huyu ataniingizia nini? Mbuzi wa maziwa ataleta maziwa. Mbuzi wa nyama na kondoo wataenda buchani. Alpaka wa Sangabuye ataleta furushi la manyoya. Peru nyama yake huliwa, ila hapa hakuna mteja anayemwulizia, na mimi nisingependa mtoto wa kaka yangu ndiye awe wa kuanza kuwafundisha watu.

Ubavu kwa ubavu

| | Alpaka | Mbuzi wa maziwa | Mbuzi wa nyama (Malya) | Kondoo wa nywele |
|---|---|---|---|---|
| Mimba | Miezi 11 na nusu | Miezi 5 | Miezi 5 | Miezi 5 |
| Watoto kwa uzao | Mmoja, mapacha ni nadra sana | 1 hadi 2, mara nyingine 3 | 1 hadi 2 | 1, mapacha wapo |
| Kinacholeta fedha | Manyoya, mbegu | Maziwa, mbegu, mbolea | Nyama, mbegu | Nyama |
| Adui mkubwa hapa | Joto na unyevu | Minyoo, homa ya mapafu | Minyoo, sotoka | Minyoo, kuoza kwato |
| Anakufaa ukiwa na | Nyanda za juu zenye baridi | Eka moja na mtu wa kushinda nyumbani | Ngitili au vichaka | Nyasi fupi, miti ya matunda |

Hesabu ya uzao inasema mengi zaidi. Anza na majike 4 waliopandwa siku moja. Kwa alpaka, baada ya miaka miwili ukiwa na bahati kamili una watoto 8, na hata wa uzao wa kwanza bado hawajafika umri wa kupandwa, maana wanaanza kwenye mwaka mmoja na nusu. Kwa mbuzi wanaozaa kila baada ya miezi minane, utaona mazao matatu katika muda huo huo. Ukikadiria mtoto mmoja na nusu kila mara, ni watoto 18. Toa watakaokufa, na usijidanganye kwamba hawatakufa. Bado majike wa uzao wa kwanza watakuwa tayari wana mimba.

Mbuzi wa maziwa: kwa eka ya Sangabuye huyu ndiye chaguo langu

Hapa naandika kwa mikono yangu, kwa hiyo nitarefusha.

Usitafute Saanen halisi mweupe pe kwa sababu umesikia anatoa maziwa mengi. Ni wa Uswisi, ngozi yake nyeupe inateseka juani, na akipungukiwa chakula anaanguka haraka. Wapo wanaokwenda hadi Mgeta, Morogoro, ambako mbuzi wa maziwa wa Norwei wameenezwa tangu miaka ya 1980. Ni mbuzi wazuri, ila Mgeta ni milimani, kuna ubaridi. Ukimshusha hadi ziwani kosa lako ni lile lile la alpaka, dogo tu kidogo. Mimi nafuga chotara wa Toggenburg, mbuzi mwingine wa Uswisi, na kienyeji. Jike aliyelishwa vizuri ananipa lita moja na nusu kwa siku baada ya mtoto kunyonya sehemu yake. Anglo-Nubian naye, yule wa masikio marefu yaliyoning'inia, anavumilia joto vizuri.

Banda liinue juu ya ardhi, mita moja au zaidi, sakafu ya mbao au fito zenye nafasi ya sentimita 1.5. Kinyesi kinapita, kwato haipiti. Kila jike mpe mita za mraba 1.5 hadi 2. Chini unazoa samadi kavu, na bustani ya mchicha itakushukuru. Kabla ya kusimamisha nguzo pima umbali kutoka ukingoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiwa ndani ya jiji, mwone kwanza mtendaji wa mtaa akueleze sheria ndogo za kufuga.

Kwa nini banda, na si kuwachunga? Kwa sababu ya maji. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nawatoa mbuzi asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, wanashuka hadi pembezoni mwa majaruba ya mpunga. Ilikuwa Agosti, kote kumekauka, pale chini tu ndiko kulikokuwa kijani. Niliona nimepata. Miezi mitatu baadaye jike wangu bora akaota uvimbe laini chini ya taya, kama kifuko cha maji. Akakonda, maziwa yakakata. Alipokufa mtaalamu wa mifugo alimpasua mbele yangu, akalitoa ini, gumu, lenye mirija iliyovimba. Akakata mrija mmoja, wakateleza minyoo bapa, kila mmoja kama jani dogo la mwarobaini. Minyoo ya ini. Konokono wa maji ndiye anayeilea, kisha inapanda kwenye nyasi zilizolowa na kumsubiri mnyama. Nilipoteza wawili mwaka ule. Tangu hapo nyasi za ukingoni hazigusi mdomo wa mbuzi wangu. Ninakata za juu, nazianika mpaka zinyauke, ndipo nazipeleka bandani.

Kuna minyoo mingine ya tumboni inayonyonya damu, na hiyo utaigundua kwa kidole gumba. Kila baada ya wiki mbili mshike mbuzi kichwa, bonyeza kope ya juu kidogo, vuta ya chini, tazama rangi ya ndani juani. Nyekundu iliyoiva, mwache. Ikififia, mweke kwenye orodha. Ikiwa nyeupe kama karatasi, dawa siku hiyo hiyo. Ukiwapa dawa wote kila mwezi bila kuwaangalia, minyoo itaizoea, na siku unapoihitaji haitafanya kazi.

Chakula ni pale wengi wanapoanguka, kwa sababu wananunua mbuzi kwanza. Panda majani ya tembo na lusina, mti wa malisho, na marando ya viazi usiyatupe. Mashudu ya pamba tunayo jirani, yana protini nzuri kwa jike anayekamuliwa, ila watoto wachanga usiwape, yana sumu ambayo tumbo changa haliwezi kuivunja. Magugu maji yasikudanganye kwa ukijani wake. Karibu yote ni maji, mbuzi atajaza tumbo na kubaki na njaa.

Sasa beberu. Beberu mmoja anatosha majike 25 hadi 30. Wewe utaanza na watatu. Ukimnunua wa kwako, anakula mwaka mzima kwa kazi ya siku chache, na harufu yake ikiwa karibu na banda la kukamulia maziwa huiokota. Baya zaidi, mwaka wa pili atawapanda binti zake mwenyewe kama hukumtenga, na uzao utaanza kudhoofika: watoto wadogo, wanaokufa bila sababu unayoiona. Kwetu tuko kaya tano, tunamiliki beberu mmoja, anakaa kwa mmoja wetu na jike ndiye anayepelekwa. Kila miaka miwili tunabadilishana na kikundi cha upande wa pili. Daftari la nani kazaliwa na nani analishika kijana wangu wa darasa la saba. Kuzalisha mbegu ni daftari hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Na hapa ndipo alpaka anaposhindwa kabisa, hata ukisahau joto: ungehitaji madume wawili watatu wasio na undugu, kila mmoja na kibali chake cha kuingizwa nchini, na ukimpoteza mmoja hakuna jirani wa kumwazima.

Ubaya wa mbuzi wa maziwa? Hakuna siku ya kupumzika. Kukamua ni saa kumi na mbili asubuhi na jioni, msiba uwe au harusi. Pia wateja wa maziwa ya mbuzi hawaji wenyewe. Mimi mwaka wa kwanza niliyanywa na familia, mengine nikayagawa kwa majirani ili wayazoee.

Malya: kwa ardhi ya baba mkwe

Watu wa Mwanza wanahangaika na mbegu za mbali na kusahau kwamba moja ilitengenezwa hapa hapa mkoani, Malya, Kwimba. Kazi ilianza miaka ya 1960: wakachanganya Kamori wa Pakistan, Boer wa Afrika Kusini na mbuzi wetu wa kienyeji, kwa uwiano wa asilimia 55, 30 na 15. Akatoka mbuzi mkubwa kuliko wa kienyeji, anayestahimili ukame wa kule na anayetoa hata maziwa kidogo. Mbuzi huyu anataka vichaka, apekue majani ya miti, na ngitili ya mzee ni mahali pake hasa. Hataki kukamuliwa kila siku. Anataka mchungaji mwaminifu, josho la kupe, na chanjo mbili zisizokosekana: ya sotoka ya mbuzi na kondoo, na ya homa ya mapafu ya mbuzi. Sotoka ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na ikiingia kwenye zizi lisilochanjwa inafagia.

Huku ziwani Malya nisingemleta. Atakula miche yako na ya jirani.

Kondoo

Kwa kifupi. Kondoo wetu ni wa nywele, hawana sufu, kwa hiyo anayetamani manyoya ya alpaka asidhani atayapata hapa. Dorper, aliyetengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, anakua haraka sana. Ana faida moja ninayoipenda: chini ya miembe anakula nyasi na mara nyingi huliacha gome, wakati mbuzi hulimenya. Lakini ardhi yenye tope inaozesha kwato zake, wachoma nyama wa mjini wanataka mbuzi kwanza, na madini ya kulamba yaliyotengenezwa kwa ng'ombe yana shaba inayoweza kumuua kondoo taratibu bila wewe kujua. Kama una bustani ya matunda sehemu kavu, mfikirie. Kama huna, pita.

Tulikoishia

Nilimwambia mtoto wa kaka yangu asinunue hata mnyama mmoja kwa miezi sita. Robo ya eka apande majani ya tembo, mpaka wote wa shamba auzungushie lusina. Banda alijenge mwezi wa nne tangu aanze. Ukitimia wa sita aende kununua majike watatu chotara, kwa mfugaji anayemkubalia awaone wakikamuliwa, asubuhi na jioni, kwa macho yake. Akinyimwa ruhusa hiyo aondoke, hata bei iwe nafuu vipi. Kwa Kwimba azungumze na baba mkwe kwa heshima, mzee atoe ngitili, yeye atoe beberu wa Malya na chanjo, na wakubaliane mapema watoto watagawanywaje.

Wiki iliyopita alipiga simu. Majani ya tembo yamefika magotini, lusina imeota isipokuwa upande wa barabarani ambako mbuzi wa jirani wameila. Mkewe ameshapata kaya tatu za kushirikiana beberu. Akaniuliza kama anaweza kununua jike mmoja tu sasa hivi, aliyemwona mnadani, ana mimba na bei ni nzuri. Nikamwuliza banda limefika wapi. Akasema nguzo. Nikamwambia apigilie sakafu kwanza, na hata likikamilika, mbuzi anayekaa peke yake analia usiku kucha, hali vizuri, na mwizi anamsikia. Awasubiri watatu.